Je, dawa yaweza kuwa na dhambi?

Wengi wetu twadhani kwamba kazi ya dawa katika ukoma ni moja tu, kuua vijidudu. Kazi hiyo yafanyika vema: kwa dawa mbalimbali zitolewazo pamoja, vijidudu huuawa kwa miezi 6 au 12. Hata kwetu Kongo, ambako ukoma haujaisha, wengi wamepona hivyo.

Lakini kuna vita vya pili. Vijidudu vikifa, mabaki yake hukaa mwilini, na kinga ya mwili, iliyo kama askari wake, yaweza kuwaka hasira, wakati wa matibabu au hata baadaye. Ndipo mgonjwa apatapo homa, vinundu vyekundu vyenye kuuma sana, macho kuvimba, na mishipa ya fahamu kuharibika. Askari wachoma nyumba waliyowekwa kuilinda! Hapo yatakiwa dawa ya kuwatuliza.

Mwaka 1964, huko Yerusalemu, daktari Jacob Sheskin alimpa mgonjwa wa namna hiyo, aliyekosa usingizi kwa maumivu, kidonge cha kulalia kiitwacho talidomidi. Mgonjwa akalala, tena vinundu vikaanza kutoweka. Nani angalitazamia? Maana dawa hiyo ilianza kuondolewa madukani mwaka 1961, kwa sababu wanawake waliimeza wakiwa na mimba, wakazaa watoto maelfu wenye mikono au miguu isiyokamilika.

Basi, ni halali kuitumia? Wako wasemao itupwe kabisa. Mimi sikubali. Mzee anayelia usiku kucha hana hatia ya mambo yale, na dawa nyingine, prednisoloni, ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuleta kisukari. Kumnyima nafuu ili sisi tujione safi, huo si wema.

Wengine husema: aelezwe hatari, kisha achague mwenyewe. Neno zuri, lakini halitoshi. Anayechagua ni mmoja, na anayeumia aweza kuwa mwingine, yaani mtoto wa tumboni, ambaye hakuulizwa. Tazameni Brazil. Huko dawa iliendelea kutolewa kwa wenye ukoma, na watoto wenye vilema vile waliendelea kuzaliwa. Vidonge viligawanywa nyumbani, kama tugawanavyo sisi vya homa. Pakitini palichorwa mwanamke mwenye mimba, amepigwa mstari. Wako waliodhani maana yake ni dawa ya kuzuia mimba. Mchoro ulikuwapo, naye mwenye kuueleza hakuwapo.

Kwa hiyo naona swali lenyewe lamwangukia yule atoaye. Amekaa na mgonjwa na kusema naye kwa lugha ya nyumbani? Amemwambia mwanamume kwamba naye yampasa kujihadhari na mkewe? Amehesabu vidonge, na vilivyobaki amevirudisha? Mahali ambapo hakuna mtu wa kufanya hayo, afadhali kidonge hicho kisifike bado, hata kama mzee yule analia. Nasema hivyo kwa uchungu, wala simlaumu atakayenipinga.