Nyumba Zetu Katika Mwaka wa Maradhi

Ndugu zetu Waislamu, tumetakwa katika darsa yetu tuseme neno juu ya mwaka wa 2020, mwaka wa korona, na kheri iliyopatikana ndani yake. Wako waliochukizwa. Wakasema: vipi itatajwa kheri ya mwaka uliotuzikia wazee wetu? Neno lao lina haki. Mtu haombi balaa, huomba afya. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muumini akifikwa na dhara akasubiri, hilo ni kheri kwake, basi na tuitafute kheri hiyo, tusije tukaitupa pamoja na barakoa.

Khabari yetu ni ya Kaloleni ya Nairobi, si ile ya Wagiriama muijuayo nyinyi watu wa pwani. Ni nyumba za chini, za miaka ya 1940, karibu na soko la Burma, na vyumba vyake ni vidogo. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tangu tarehe 27 ya mwezi huo ikawa hapana kutoka nje baada ya saa moja ya usiku, na misikiti ikafungwa. Wengine walinung'unika, wakasahau kuwa Sayyidna Omar (r.a.) naye alirejea njiani, asiingie Sham kwa ajili ya tauni. Ramadhani ya 1441 ikatukuta hivyo.

Jamaa mmoja wa huko ni karani. Alikuwa akitoka alfajiri, na akirudi watoto wamelala. Mwaka ule aliambiwa kazi aifanyie nyumbani, akaweka kompyuta juu ya meza ya kulia. Usiku wa kwanza wa tarawehe alimsalisha mkewe na wanawe wawili. Wa tatu, wa miaka miwili, alikuwa amelala. Baada ya Sala alimtaka mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, amsomee Alhamdu. Mtoto akaifikisha nusu, akanyamaza. Baba alitwambia: "Ada ya chuo nikilipa kila mwezi, nikidhani nimemaliza." Tangu siku hiyo, kila saa saba kazi inaposimama, humkalisha akasoma naye. Mwezi haujesha mtoto amefika Wadh-dhuha.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwatumikia watu wake, hata Sala ikifika akatoka. Wangapi katika sisi tumeyasoma hayo, na kikombe cha chai hatukukiosha? Yule karani alikiosha, kwa kuwa mkewe alikuwa mbele ya macho yake mchana kutwa, akaiona kazi aliyodhani haipo.

Si wote walioipata nafasi hiyo. Mchuuzi wa Burma na kibarua wa viwandani kazi zao haziingii ndani ya kompyuta, na wengi walikosa hata unga. Hapo baadhi ya wenye mishahara waliihisabu nauli waliyokuwa hawailipi tena, wakainunulia jirani unga na maharagwe. Nauli tu, ndugu zangu. Nayo ililisha nyumba.

Na arusi? Tuliona zikifungwa kwa walii, mashahidi na mahari, watu wachache sebuleni, na ndoa ikasihi. Hakukopwa pesa za pilau wala za sare. Lakini amri ya kutotoka usiku ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, madeni ya arusi yalirudi kabla hata watu hawajazoea kupeana mikono. Hayo si Serikali iliyotulazimisha.

Karani naye aliitwa ofisini. Juzi tulimuuliza khabari za wanawe. Alisema mkubwa amemaliza Juzuu Amma. Tukamuuliza yule aliyekuwa mchanga. Akatazama chini, akasema huyo yuko chuoni, na ada yake hulipwa kila mwezi.