Farasi wa Aina Tatu na Gari la Mjomba





Ndugu zangu wanachuo, tangu muhula huu uanze nimeulizwa swali moja kuliko maswali yote ya fiqhi ninayosomea: je, kununua gari la umeme la bei kubwa, tena lenye mbio, si israfu? Wanaouliza wanajua wanamuuliza nani. Waliiona picha niliyoiweka kwenye simu mwezi wa Shaaban, nimeshika usukani, mkono umegeuzwa kidogo ili na saa ionekane.

Gari si langu. Ni la mjomba wangu, mfanyabiashara wa vitenge hapa Kamembe. Kwa miaka mingi aliendesha Corolla kuukuu iliyonuka sambaza, kwa sababu kila mwenye beseni la samaki wa Kivu aliomba lifti humo. Mwaka huu aliiuza, akanunua Kigali gari la umeme lililotumika miaka miwili tu. Lina mota mbili, viti vyeupe, na kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa halimalizi sekunde tano. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimpigia hesabu ya petroli na ya umeme, nikamkumbusha kwamba tangu 2021 serikali ilitangaza kuyasamehe magari haya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Alilipa fedha taslimu, hakukopa kwa riba.

Kwa hiyo kisheria sioni tatizo, na sitaki kumpendeza mtu kwa kuharamisha. Katika Surat an-Nahl, aya ya 8, Allah anataja farasi, nyumbu na punda, kwamba ni vya kupanda na pia ni pambo, kisha anatujulisha kwamba anaumba na vingine tusivyovijua. Pambo limetajwa humo humo. Mbio nazo zina asili yake: Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi Madina, waliofunzwa wakianzia Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, wasiofunzwa wakitoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar aliyetusimulia alikuwa miongoni mwa walioshindana. (Hapa kwetu kamera za Sofia zinatusubiri kwenye 60 na 80, kwa hiyo hizo sekunde tano kazi yake kubwa ni kumfurahisha mwenye gari.)

Hata hivyo, ipo hadithi ya Abu Hurayra, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya mtihani na mara moja tu kwa ajili yangu mwenyewe. Mtume (s.a.w.) aligawa farasi mafungu matatu. Kuna wa thawabu, aliyefungwa kwa ajili ya njia ya Allah: kila anachokula malishoni kinaandikwa, nyayo zake zinaandikwa, hata akipita mtoni akanywa bila bwana wake kukusudia kumnywesha, hilo nalo linaandikwa. Kuna wa sitara, ambaye mwenyewe anamtumia ili asiombe watu, wala hasahau haki ya Allah katika shingo na mgongo wa mnyama yule. Na kuna wa mzigo, aliyewekwa kwa fahari, kujionyesha na uadui dhidi ya Waislamu.

Nilipofika kwenye mto nilisimama. Gari la mjomba nalo linakunywa mtoni, maana sehemu ya umeme wa huku inatoka Mururu, kwenye mitambo ya mto Rusizi, maji yale yale tunayoyavuka kwenda Bukavu.

Hiyo haki ya shingo na mgongo ni nini? Wanachuoni walikhitalifiana. Abu Hanifa aliona ni zaka, kwa farasi wa malisho. Jumhuri, wakiwamo wanafunzi wake wawili Abu Yusuf na Muhammad, hawakuwajibisha zaka hiyo, kwa kuwa imethibiti kwamba Muislamu hadaiwi zaka ya farasi wake. Basi wengi wakaieleza haki ya mgongo kuwa ni kumbeba mwenye shida na kumwazima mhitaji. Darasani tulipita hapo kwa dakika mbili.

Sasa gari la umeme lina jambo ambalo Corolla haikuwa nalo, na sikulijua mpaka tulipolileta nyumbani. Petroli ukiimaliza, kituo kipo hapo mjini. Lakini soketi ya kawaida ya nyumbani inachukua zaidi ya siku nzima kuijaza betri kubwa kama ile, na vituo vya kuchajia vingi viko Kigali, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. Mlima unakula chaji. Mteremko unakurudishia kidogo. Kwa hiyo unaanza kuhesabu. Asubuhi unaangalia asilimia, usiku unaangalia asilimia. Na kitu kikishahesabiwa hivyo, ubakhili unakuja wenyewe, tena unakuja umevaa kanzu ya mipango mizuri.

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa, saa nane, jirani aligonga geti. Mjomba alikuwa amelala, nikatoka mimi. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Wakati wa Corolla watu wa mtaa wetu walizoea kugonga pale, hakuna aliyeomba samahani. Nilimwambia, "Kaka, gari liko kwenye chaji, kesho kutwa tuna safari ya Kigali." Maneno yote yalikuwa ya kweli. Lilikuwa kwenye chaji. Safari ilikuwepo. Na hospitali ya Gihundwe iko hapa hapa mjini. Akanishukuru, wallahi akanishukuru, akaenda kutafuta motari. Mama yule alipelekwa kwenye pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mumewe.

Baada ya swala ya Alfajiri jirani alitukuta nje ya msikiti akiwa na furaha. Mtoto wa kiume, wote wazima, alhamdulillah. Hakulalamika hata kidogo. Alimweleza mjomba habari yote jinsi ilivyokuwa, akadhani anajua. Mjomba akampa mkono wa pongezi, tukatembea kurudi nyumbani kimya. Getini akaniuliza:

"Ilikuwa asilimia ngapi?"

"Arobaini na moja, mjomba."

Akaingia ndani. Laiti angenifokea.

Siku hiyo niliifuta ile picha, ingawa wote mlikuwa mmeshaiona. Nilikumbuka pia habari ya Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.), ambaye hakuwa akishindwa mbio, mpaka bedui mmoja akaja na ngamia wake kijana akampita. Maswahaba wakaona uchungu. Mtume akawafahamisha kwamba Allah amejiwekea haki kuwa hakuna cha dunia kitakachopanda ila atakishusha. Sisi tulilipata gari lile kwa sababu hiyo hiyo: yalitoka mapya yanayokwenda mbali zaidi kwa chaji moja, nalo likashuka bei hadi likafika kwetu. Nilijipiga picha na kitu ambacho tayari kilikuwa kimeshapitwa.

Maswahaba waliposikia hadithi ya farasi waliuliza, na punda je? Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba hakuteremshiwa chochote mahususi juu ya punda, isipokuwa ile aya inayokusanya yote mwishoni mwa Surat az-Zilzala, ya uzito wa chembe, wa kheri na wa shari. Mnaoniuliza kuhusu gari la umeme, sina jibu jingine.

Siku ya tatu mjomba alinipa ufunguo nikamtoe mama na mtoto hospitalini. Nilichukua kipande cha kitenge nitandike kwenye kiti cha nyuma, akaninyang'anya. Kule Gihundwe mama alifungua mlango, akatazama viti vyeupe, akatazama nguo zake, akasita. Nikamwambia, "Dada, ingia tu." Kutoka hospitali mpaka kwao betri ilishuka kutoka asilimia 63 hadi 62.