SHAHIDI MMOJA HATOSHI

 

Tulipokuwa kisiwani Takawiri, katika Ziwa Viktoria, tukingoja mashua ya kurudi Mbita, tulimnasihi kijana mmoja mvuvi aiwache sigara. Akatujibu kwa adabu: "Shehe, babu yangu amevuta tangu ujana wake, na leo amepita miaka themanini. Imemdhuru nini?" Mashua ikafika kabla hatujamjibu. Na kwa kuwa hoja hii twaisikia kila siku katika baraza zetu za Mombasa na Lamu, twamjibu hapa.

Kadhi hakati hukumu kwa kusikia upande mmoja. Wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walifuata uadilifu kama huo katika uchunguzi walioutangaza mwaka 1950. Wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu, katika hospitali 20 za London, waliulizwa habari ya uvutaji wao. Kisha kila mmoja akalinganishwa na mgonjwa mwingine asiye na saratani, mume kwa mume, mke kwa mke, na umri kwa umri, isije ikasemwa kwamba tofauti imeletwa na uzee.

Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiopata kuvuta walikuwa 2 tu. Katika wenzao 649, walikuwa 27. Waliovuta kiasi cha sigara 25 au zaidi kwa siku walikuwa asilimia 26 ya wagonjwa hao, na asilimia 13.5 ya wenzao. Naam, wengi walivuta wasipatwe, na babu wa Takawiri ni mfano wao. Lakini aliyeokoka baharini si hoja ya kutweka tanga katika dhoruba.

Wanavyuoni wa zamani walikhitalifiana juu ya tumbaku, kwani madhara yake yalikuwa hayajadhihiri. Leo yamethibiti, na dini yetu yatukataza kujiangamiza na kuwadhuru wenzetu. Na moshi huo huingia pia vifuani mwa wake zetu na watoto wetu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Nasi twawatuma watoto dukani watununulie! Basi tuanze hapo: asitumwe mtoto sigara tangu leo. Na mvutaji asikate tamaa, kwani kuwacha hupunguza hatari hata kwa aliyevuta miaka mingi.