Kuegemea si Kunyonya

Tukipita katika misitu ya miombo, huenda tukaona juu ya tawi kichaka cha mashina yanayofanana na miwa midogo, na mizizi myeupe iliyosimama kama sindano. Ni okidi ya asili ya Afrika, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Ikichanua tunaitambua upesi: maua ya njano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui.

Lakini isipochanua, wengi wetu husema, “Hiki ni kimelea, kinanyonya mti,” tukashika panga. Kumbe mizizi yake hushika gome tu. Ile iliyosimama hukusanya majani makavu, nayo yakioza huilisha. Haiuibii mti kitu.

Vimelea vya kweli vipo; hivyo hupenya gome na kufyonza. Kwa hiyo imani haitukatazi kupambanua, bali inatudai tutazame mizizi kabla ya kukata. Je, mjane anayeishi kwa nduguye, au kijana asiye na kazi, tumemwita mnyonyaji mara ngapi kwa kuwa hajachanua bado? Sisi nasi tumeegemea neema tusiyoipanda.