Msiuze Programu kwa Butura

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Vijana wa Ngara na Biharamulo! Leo nasema na wewe uliyesomea kompyuta Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, ukarudi nyumbani na kompyuta mpakato moja, na kila anayekuona anakuuliza utaondoka lini kutafuta kazi. Nasema na wewe pia uliyejifunza kuandika programu kwa bando la usiku, bila cheti cha chuo chochote. Tegeni masikio.

Mjane wa somo letu alikuwa na deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tazameni nabii Elisha alivyofanya. Hakumwandikia barua aende kwa tajiri wa Samaria, wala hakumhamisha kijijini. Alimuuliza ana nini ndani. Mama akaanza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka mafuta kidogo aliyobakiza.

Nawe una mafuta! Una lugha: kwa Kihangaza chako Mrundi wa ng'ambo ya Kabanga anakuelewa bila mkalimani. Una watu: karani wa ushirika ni mjomba wako, mwalimu mkuu alikufundisha. Una hata njia: Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unavuka Rusumo kuingia Rwanda na Kabanga kuingia Burundi. Mawasiliano ya mataifa yanapita mlangoni pako, nawe unalia huna kitu?

Kisha nabii akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, vingi kadiri atakavyopata. Sikieni, ndugu zangu: kabla ya kumimina, alizunguka mtaani. Wewe umeandika programu miezi mingapi bila kumuuliza jirani hata mmoja anateseka na nini?

Nenda Rulenge siku ya kikao cha kikundi cha VICOBA. Kaa na mweka hazina, uone hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii vikibanana kwenye daftari moja, na maneno yanavyozuka jumla zisipolingana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo hesabu za kubahatisha zimepitwa na wakati. Nenda Lusahunga na Nyakanazi, kwenye njia ya malori ya Rusumo na Kabanga, utazame gesti zinavyoandika wageni na maduka ya vipuri yanavyokopesha. Nenda duka la dawa muhimu Nyakahura, uulize ni dawa ngapi huisha muda rafuni bila mwenyewe kujua. Nenda shule binafsi ambako mhasibu anakesha akitafuta nani hajamaliza ada. Vyombo vitupu vimejaa wilaya mbili!

Lakini usimimine kwenye chombo kilichojaa. Vituo vya afya vya serikali vina mfumo wa GoTHOMIS, na vyama vya ushirika vimeletewa mfumo wa MUVU na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Usishindane na mfumo wa serikali. Tafuta pale mfumo huo usipofika.

Baada ya hapo mama akafunga mlango, yeye na wanawe, akafanya kazi. Hakupiga picha akimimina ili watu wampongeze. Fungeni milango, vijana! Programu inayokufa umeme ukikatika haifai Biharamulo. Itunze kumbukumbu kwenye simu, izitume mtandao ukirudi. Iseme Kiswahili ambacho mama muuza duka anakielewa, na mwenye kitochi apate meseji yake. Weka nakala ya akiba kila jioni. Na taarifa za watu ni amana. Ukivujisha orodha ya wadaiwa wa kikundi umetenda dhambi, tena umevunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sajili jina BRELA, chukua TIN, na haki ya Kaisari umpe Kaisari.

Sasa lisikieni neno ambalo wengi hawalipendi: nabii alimwambia akauze. Akauze! Hakumwambia agawe bure ili asifiwe kuwa ana moyo mwema. Vijana wetu wanaona haya kutaja bei kwa sababu mteja ni shangazi au ni mzee wa kanisa. Matokeo yake, mwaka hauishi programu imetelekezwa, na huyo shangazi ndiye anayebaki na hesabu zilizopotea. Bei ya haki ndiyo inayokuwezesha kupokea simu yake saa mbili usiku mashine ikigoma. Shule ilipe kwa muhula, duka kwa mwezi kupitia lipa namba, kikundi cha wakulima msimu wa kahawa ukifika. Na mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja.

Sisi wa Kagera tunaijua butura. Mkulima amebanwa na ada au msiba, anauza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, na wakati wa mavuno anachuma kwa ajili ya gunia la mwingine. Serikali imeipiga marufuku, na bado inafanyika gizani. Basi kijana anayegawa nusu ya kampuni kwa mwenye fedha kabla hajapata mteja mmoja anayelipa, amefanya butura! Mwenye fedha anataka zirudi nyingi na upesi, na soko letu halikui kwa mwendo huo. Sendy ya Nairobi, huduma ya kusafirisha mizigo kwa programu ya simu, iliingiziwa mamilioni ya dola na wawekezaji, na mwaka 2023 ikafunga shughuli zake. Lakini Zoho ya India, iliyoanza mwaka 1996, ilikua bila mtaji wa wawekezaji wa nje, na mwaka 2019 mmoja wa waasisi wake, Sridhar Vembu, alihamia kijiji cha Mathalamparai, akaongoza kazi kutokea huko. Nani aliyekwambia kijiji ni laana?

Sisemi kila mkopo ni dhambi. Ile mikopo ya vijana kutoka asilimia 10 ya mapato ya halmashauri haina riba: kopa kwa kifaa unachojua kitalipa, na urudishe.

Mama yule alilipa deni kwanza, kisha akaishi na wanawe kwa kilichobaki. Andiko halitaji jumba wala farasi. Linataja nyumba isiyodaiwa, na watoto ambao hawakuchukuliwa. Utajiri huo unatosha kuanzia.

Basi inuka! Jumatatu asubuhi nenda kwa jirani mmoja mwenye daftari linalomtesa. Msikilize mpaka amalize. Mtengenezee kitu kimoja kinachofanya kazi, kisha mtazame usoni na umtajie bei. Amina.