Ufadhili wa Masomo: Ni Sadaka au Ni Deni?



Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi upande wa Bonde la Ruhuhu. Asubuhi moja mvulana wa darasa la tano aliniletea jiwe alilolikuta korongoni akichunga mbuzi. Lilikuwa zito, na upande mmoja lilikuwa na umbo la kifundo cha mfupa. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa mnyama gani?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwambia jiwe ni jiwe. Tukalitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, na nilipohamishwa nililiacha palepale.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba katika bonde hilo hilo, miaka ya 1930, Mwingereza aitwaye Parrington alikusanya mifupa ya kale iliyogeuka mawe, yaani visukuku. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba baadhi ya mifupa hiyo ni ya mnyama waliyemwita Nyasasaurus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, na huenda ndiye dinosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana. Huenda jiwe la mtoto yule lilikuwa jiwe tu. Kosa langu halipungui kwa hilo. Aliuliza swali la mtaalamu, nami nikamjibu kwa kicheko.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu siku hizi ipo misaada ya masomo kwa vijana wanaotaka kuchunguza visukuku. Leakey Foundation ya Marekani, kwa mfano, ina ufadhili uitwao Baldwin Fellowship kwa wanafunzi wa nchi kama zetu. Huko huko Marekani wapo pia vijana wanaofadhiliwa kufanya utafiti ndani ya hifadhi za taifa, kwa sharti kwamba wawaeleze wananchi walichokiona. Basi nauliza: ufadhili wa namna hii ni sadaka tunayopewa, au ni deni tunalolipwa?

Tuanze na Tendaguru, mkoani Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosauri. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa ilikuwa imeua watu wengi kusini. Mamia ya watu wetu walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kiasi cha tani 250 zilipelekwa Ujerumani. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kutambua na kutoa mifupa. Jina lake lilipewa dinosauri mmoja wa Tendaguru mwaka 2007, karibu miaka mia moja baadaye.

Atatokea mtu aseme: wachimbaji walilipwa ujira wao, na wageni walitumia fedha zao, deni liko wapi? Ni hoja ya haki, wala tusiipuuze. Tena bila kazi yao mifupa mingi ingeliwa na mvua. Lakini ujira hulipa jasho la siku. Haulipi ujuzi wa mwenye nchi anayejua korongo lipi lina nini, wala haununui haki ya kumwacha mtoto wake bila kujua kilichotoka shambani kwao. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye aliyetupa sisi jembe, akaondoka na kitabu.

Kwa hiyo nasema ni deni. Tofauti si ya maneno tu. Mpokea sadaka hushukuru na kunyamaza, lakini mdai ana haki ya kuuliza: je, kijana wetu anafundishwa kuandika na kutoa hukumu yake mwenyewe, au anafundishwa kushika koleo tu? Mnyama wa Songwe aliyetangazwa mwaka 2019 ameitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, na mwenzake wa mwaka 2017 ni Shingopana. Nimefurahi. Kiswahili kimefika kwenye mifupa. Na Mswahili naye afike.

Wapo waliofika kwa taabu. Kamoya Kimeu wa Kenya hakupata masomo makubwa, lakini mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa kale wa Turkana. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima mwaka 2021. Mwaka uliofuata alifariki.

Hata hivyo naogopa jambo moja. Mtu akishajiona mdai, huweza kusahau kwamba naye anadaiwa. Kijana akipata ufadhili, akarudi na shahada, akakaa mjini asimweleze mchunga mbuzi lolote, amefanya yale yale tunayowalaumu wageni. Yule mtumishi aliyefukia talanta ardhini hakuiba kitu. Alihukumiwa kwa kutoitumia.

Nasi wa Madibira jambo hili linatugusa. Bonde la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, baada ya wafugaji wengi kuondolewa. Wengi wetu tunaijua hifadhi kwa mipaka yake kuliko kwa elimu yake. Msomi anayepewa nafasi ya kutafiti hifadhini, awe mgeni au mwenyeji, anadaiwa walau siku moja shuleni kwa majirani wa hifadhi, aseme kwa Kiswahili alichokiona.

Kuna methali isemayo asiyejua maana haambiwi maana. Nimefundisha miaka mingi, na naona wenye elimu tumeifanya kisingizio. Asiyejua ndiye hasa wa kuambiwa.

Basi mtoto akikuletea jiwe, usicheke. Muulize amelikuta wapi. Mwambie mengine asiyaguse, kwa maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali. Mpeleke kwa mwalimu au serikali ya kijiji habari ipelekwe kwa wahusika, na jina la mtoto liandikwe.

Mimi la kwangu sikuliandika. Leo hata jina la mvulana yule silikumbuki, na hilo ndilo deni langu.