Kidukari Mmoja Anatosha



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita nilipanda mpilipili kwenye kopo la rangi, dirishani mwa chumba changu cha hosteli hapa Kampala. Siku moja nikaona vidukari watatu wa kijani chini ya jani changa. Nikasema, wadogo hawa watafanya nini? Nikaenda zangu darasani.

Sikujua kwamba kidukari jike huzaa bila dume. Huzaa watoto walio hai, nao huzaliwa wakiwa tayari na vijusi vya watoto wao tumboni. Mtoto hujivua ngozi mara nne, na penye joto, baada ya wiki moja hivi, naye anazaa. Wakijazana, hutokea wenye mabawa wakahamia mmea mwingine. Sisimizi nao huwalinda, kwa kuwa wanalamba umajimaji mtamu wanaoutoa.

Nilipozinduka, machipukizi yamejikunja, na juu ya utamu ule ulionata majanini umeota ukungu mweusi kama masizi.

Weusi ule ulinikumbusha mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.): mja akikosea, doa jeusi huwekwa moyoni, akiacha na kutubu, moyo husafishwa, akirudia, doa huongezeka. Ndiyo kutu inayotajwa katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14.

Niliona haya. Muhula ule ule nilimsainia rafiki karatasi ya mahudhurio, mara moja tu. Naye kulipa fadhila akanipa kazi yake, nikainakili. Kisha wenzetu watatu wakanakili kwangu. Waliotusifu kwa ujanja ndio waliokuwa sisimizi.

Mpilipili niliukata ncha zilizoharibika, nikaosha majani upande wa chini kwa maji ya sabuni, nikarudia kila baada ya siku chache, maana akibaki mmoja anatosha. Kisha nikamwendea mhadhiri, nikasema ukweli. Alama zikafutwa, na somo nitalirudia. Kumwambia baba, anayelipa ada, kulikuwa kugumu zaidi. Nimemwambia.

Ndugu zangu, toba ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki za watu. Mitihani imekaribia. Geuza jani lako leo, tazama chini yake wangali watatu.

Allah atusafishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.